Sekunde Arobaini za Mama Kulia

Kwa Katibu wa Kamati ya Harusi,
Chumba cha Ratiba za Mgao,
Ofisi ya Umeme.

YAH: KUPINGA MGAO WA MACHOZI

Ndugu Katibu,

Nakusalimu kwa adabu, na adabu hiyo nimekusudia kuimaliza yote katika mstari huu. Mimi ni mama yake bibi harusi. Nakueleza hivyo kwa sababu katika karatasi yako ya "Mtiririko wa Matukio na Muziki" nimeitwa "M.B.H.", na nilidhani ni aina ya transfoma.

Karatasi hiyo niliipata jana kutoka kwa mwanangu, nikaisoma mara tatu juu ya meza ya kukatia nguo. Naelewa ilivyozaliwa. Mkwe wangu mtarajiwa ni mwenzenu hapo ofisini, na kazi yenu nyote ni kupanga mtaa upi upate umeme saa ngapi na upi ukae gizani. Harusi ilipowaangukia mikononi, mkaipanga vivyo hivyo. Mimi ni mshonaji. Nimeshona magauni ya harusi kwa miaka ishirini na tisa, na kila gauni huacha kitambaa kidogo ndani ya mshono, kwa sababu mwili wa mtu si ukuta. Ratiba yako haikuacha hata nukta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wimbo wa kuingia. Mmepima kutoka mlangoni hadi meza ya msajili mkapata hatua kumi na tisa, mkazigeuza kuwa sekunde hamsini na mbili, kisha mkaandika "muziki ukatwe". Wimbo wenyewe wameuchagua maharusi, na mimi nimeusikia humu ndani mpaka nimeukariri. Mwimbaji huhangaika dakika nzima kabla hajasema anampenda nani. Kwa sekunde zenu atakatwa akiwa bado anaulizia njia. Tena mwanangu atavaa gauni lenye mkia wa mita mbili na nusu, kazi ya mikono yangu. Huyo mliyempima alivaa suruali.

2. Dakika ya ukimya. Sikupinga ndoa hii ifungwe na msajili, bila shehe wala padri. Familia ni mbili, dini ni mbili, na vijana wenyewe wameamua. Mjomba wake bibi harusi alisusa siku nne, ya tano akaja kuniuliza atavaa nini. Pale ambapo pangekuwa na dua mmeweka "ukimya wa kutafakari, dakika 1", nalo ni jambo jema. Lakini mbele yake mmeongeza "pamoja na muziki laini". Naomba kamati ikae iamue kama tunatakiwa kunyamaza au kusikiliza.

3. Vigelegele. Mmeteua wanawake watatu, kwa zamu, sekunde nane kila mmoja. Shangazi yake bibi harusi, ambaye sauti yake huamsha mtaa wa pili, mmemweka akiba. Na kwa tahadhari mmeweka vigelegele vingine kwenye flashi. Nimevisikiliza. Huyo mwanamke wa kwenye flashi hatumjui, hatujui anamshangilia nani, na kusema kweli anasikika kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto.

4. Kipengele cha kumi na moja. Nakinukuu kama kilivyo: "M.B.H. kulia (ikihitajika), sekunde 40, kinanda. Asipolia, twende kwenye picha."

Ndugu Katibu, mwanangu alikuwa darasa la pili baba yake alipofariki. Nilikuwa na cherehani moja ya mguu, na siku ya tatu baada ya mazishi nilikuwa na sare za shule nzima za kumaliza. Sikulia. Machozi yakidondokea kitambaa cheupe yanaacha alama, na mwenye nguo hataki kujua umefiwa na nani. Nilijiambia kwamba nitalia siku nitakayomkabidhi mtoto huyu kwa mwenziwe akiwa mzima, amesoma, na anacheka. Kwa miaka ishirini na moja nimeyatunza hayo machozi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na nyinyi mmeupa nafasi ndogo kuliko ile ya mpiga picha kupanga warefu nyuma na wafupi mbele, ambaye amepewa dakika tatu. Hilo limeniumiza, wala sioni haya kulisema.

5. Lililobaki ni dogo, lakini naomba ulisome ukiwa umekaa. Ukutani kwangu, juu ya cherehani ya umeme, nimebandika ratiba ya mgao ya mwezi huu, maana ndiyo inayoniambia lini nifanye kazi na lini nipige miayo. Jumamosi ya harusi, mtaa wenye ukumbi mliokodi utakatiwa umeme kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Ndoa ni saa nne. Spika, kinanda, maikrofoni ya mshereheshaji, na hata yule mama wa maji ya moto, wote watakuwa kimya. Ratiba ya mgao ina saini yako chini. Ratiba ya harusi ina saini yako chini. Mkia wa saini unapinda upande uleule. Karatasi hizi mbili zimelala kwenye meza moja wiki tatu, zimepitiwa na wataalamu tisa, na hakuna aliyestuka. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wewe umejinyoa, tena umeondoka na sikio.

Kwa kuwa kamati imeshindwa kugundua kwamba kamati itakata umeme, nadai yafuatayo bila majadiliano. Kipengele cha kumi na moja kipewe dakika kumi na tano, katika awamu tatu: kwikwi, kilio chenyewe, na kutulia. Wakati huo ukumbi mzima usimame, msajili aweke kalamu chini, na mshereheshaji asithubutu kusema "jamani, muda". Kinanda kiondolewe, aje mpiga tarumbeta, kwa kuwa pumzi yake haitoki ofisini kwenu. Wageni watakaofika awamu ya pili wakiwa bado na macho makavu watolewe nje, wakiongozwa na wajumbe wa kamati. Nikikatizwa, hata kwa chafya, saini zote zihesabiwe kuwa hazikuwekwa na ndoa ianze upya, wala si kuanzia wimbo wa kuingia, bali kuanzia posa. Mkikataa haya, nitalifumua gauni. Najua uzi unaanzia wapi.

Nangoja jibu la maandishi kabla ya Alhamisi.

Nisalimie mkeo na watoto. Wasalimie wajumbe wote tisa wa kamati, kila mmoja kwa sekunde tano. Msalimie na yule ndugu wa dirishani kwenu, ambaye kila nikija kulalamika huniambia mtandao uko chini.

Ni mimi, kwa heshima iliyosalia,
Mama Mzazi wa Bibi Harusi
(si M.B.H.)

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha niliona ni haki nijipime, usije ukasema naomba dakika nisizoweza kuzitumia. Nilifunga mlango wa chumba cha kushonea, nikaweka saa mbele yangu, nikajaribu kulia. Machozi hayakuja. Nikamkumbuka marehemu, nikaona tu vile ambavyo siku ya harusi angekuwa anazunguka na tai asiyojua kuifunga. Nikajiambia basi nilie kwamba mtoto ananiacha, lakini nyumba waliyopanga naiona nikiwa dirishani. Mwishowe nikajaribu kumchukia mkwe. Juzi kijana huyo alikuja kuniomba nimfundishe kushona kifungo, ili mwanangu asiwe na kazi hiyo. Alijichoma sindano mara nne na hakuondoka mpaka kifungo kikakaa. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikainuka, nikauimba ule wimbo mpaka mwisho, na nilipotazama saa, dakika kumi na saba zilikuwa zimepita na nilikuwa bado nacheza, peku, katikati ya vitambaa vya watu. Nina furaha, Ndugu Katibu, na sikuitarajia. Kwa hiyo futa "kulia" uandike "kucheza". Muda usiweke.