Meza Tatu na Mama Mkwe Mmoja

Garama alianza kucheka tangu kwenye kona ya soko, peke yake, gazeti likiwa kwapani. Matano alimwona akija wala hakujali. Tangu arudi kutoka Diani wiki iliyopita, yeye ndiye aliyekuwa gazeti la kibaraza kile, na mtu mwenye shibe ya kusimulia hana haja ya habari za wengine.

Kibaraza chenyewe kiko Msambweni, mbele ya duka la Shutu, fundi baiskeli, ambaye kwa wembamba wake watu humwita Spoki. Garama aliwahi kuwa karani wa mahakama kule Kwale mlimani, na tangu astaafu hakuna jambo analolipitisha bila hoja na pingamizi, ndipo akapewa jina la Bunge. Kahawa huuzwa na Salimu, mzaliwa wa Mombasa mjini, aitwaye Kisiwani. Huyo hujiona amewafanyia hisani watu wa Msambweni kwa kukubali tu kuwamiminia. Na Matano ni Bwana Dafu, kwani ndiye apelekaye madafu kwenye hoteli mpya ya Diani.

Hoteli hiyo ilikuwa na mtindo uliowatoa watu roho. Mgeni hulipa mara moja tu, tena huko huko kwao Ulaya. Akifika hula anachotaka, mahali anapotaka, mara anazotaka, wala haulizwi. Shutu alishasema kwamba hoteli ya namna hiyo ikifunguliwa kwa watu wa Msambweni siku ya Jumatatu, Ijumaa watakuwa wanatafuna milango. Garama akapinga, akasema Jumatano.

Basi masika ya mwaka ule vyumba vingi vilibaki vitupu, na meneja, Mzungu mmoja mwekundu mwenye haraka, akapata wazo. Uhuru ulikuwa umetimiza miaka kumi, na alitaka gazetini itoke picha ya jamaa ya mwananchi ikila hotelini, ionekane kwamba matunda ya Uhuru yamefika mpaka mezani. Akamwambia Matano aje na mkewe na watoto, walale na wale bure siku tatu, na wasikose kuja na bibi mmoja, kwani picha isiyo na bibi hainogi. Mama yake Matano alikwisha kufariki. Bibi aliyepatikana ni mama yake Chiku, mkewe, yaani Bibi Mwanatumu wa Kikoneni.

Habari hizo za nani alikwenda na nani, Matano hakuzigusa kibarazani. Yeye alishika chakula tu. Alisema hoteli ina sehemu tatu za kulia. Kwanza ukumbi mkubwa, wenye meza ndefu kama ua wa ng'ombe, na kila mtu hujipakulia. Pili banda la kando ya bwawa la kuogelea, pa viazi vya kukaanga na kuku. Tatu jiko la ufukweni, pa samaki wa kuchoma na kamba wakubwa. Aliapa kwamba alimla kamba aliyemzidi paka wa Shutu, na kwamba alipotaka kusimama ilibidi ainuliwe na watu wawili.

"Paka wangu mkubwa, lakini," Shutu alimkumbusha.

"Ndiyo maana nilimtaja yeye."

Ndipo Garama akafika, akalitandaza gazeti juu ya tandiko la baiskeli iliyopinduliwa, akakohoa kama aliyesimama mbele ya hakimu.

"Ukurasa wa tano," akasema. "Nasoma kama ilivyoandikwa. Bwana Matano wa Msambweni pamoja na jamaa yake wakifurahia chakula cha mchana, Diani."

Wote wakainama. Picha ilikuwa safi. Chiku anatabasamu. Watoto wawili wamezama kwenye sahani, zinaonekana nywele tu. Bibi Mwanatumu yumo, leso kichwani, mashavu yamemjaa. Na kwenye kiti cha baba wa nyumba ameketi mwanamume mrefu, ana masharubu, paja la kuku mkononi.

Shutu alitazama picha, akamtazama Matano, akarudi kwenye picha.

"Kofia naijua," akasema. "Ni ile yako ya Idi, aliyokushonea Chiku. Kichwa ndicho sikijui."

Matano alilivuta gazeti karibu. Kichwa kile alikijua sana. Kilikuwa cha Thoya, mhudumu wa hoteli.

Salimu aliweka buli lake chini, jambo asilolifanya ila kukiwa na msiba au harusi. Akauliza, kwa upole wa watu wa mjini, Chiku aliolewa tena lini na mbona hawakualikwa. Shutu akasema waoaji wa siku hizi hawachinji, hupiga picha tu. Garama aliwanyamazisha kwa kidole, akatoa uamuzi.

"Kisheria hali yako ni mbaya, Bwana Dafu. Picha ni shahidi wa kwanza. Maandishi ni shahidi wa pili. Umebaki wewe, na wewe hukuwapo."

"Nilikuwapo," alisema Matano.

"Wapi?"

Matano alitazama kulia na kushoto. Uongo wa kamba ulikuwa umemfikisha mbali, lakini hapo haukuwa na pa kukanyaga. "Nilikuwa stoo ya jikoni," akasema. "Nyuma ya madafu."

Ikabidi aseme yote. Siku ya kwanza aliingia ukumbini njaa ikimkata, kwani alikuwa ameacha kula tangu jana yake ili asipoteze nafasi. Akachukua sahani. Akapakua wali, akapakua nyama, akatia kipande cha mkate mdomoni ili mikono iwe huru. Alipogeuka, mama mkwe wake alikuwa mbele yake, na yeye ana sahani.

Salimu alisubiri jambo lenyewe litajwe. Alipoona wenzake wameshika vichwa, akauliza kosa liko wapi.

"Kisiwani, wewe umelelewa au umeokotwa?" Shutu akamjibu. Akamweleza kwamba kwao mama mkwe hatazamwi usoni, na kwamba kutafuna mbele yake ni sawa na kuvua nguo.

"Sisi mjini twala na wakwe zetu sinia moja," alisema Salimu.

"Tumewasikia. Na talaka zenu huandikwa kabla wali haujaiva."

Matano aliendelea. Ule mkate alishindwa kuutafuna, akashindwa kuutema. Aliumeza mzima, akaweka sahani chini, akatoka mbio. Bibi Mwanatumu naye alijifunika leso, akageukia ukutani. Matano akaona afadhali amwachie ukumbi ale kwa raha, yeye aende bwawani. Alipofika bwawani, akiwa ndiyo kwanza ananyoosha mkono kwenye viazi, akamwona Bibi anatokea upande wa pili. Akaruka ua wa maua, akakimbilia ufukweni. Yule kamba wa paka alimwona kweli, tena akageuzwa mara mbili kwenye makaa, lakini kabla hajaiva leso ya Bibi ilionekana inashuka ngazi.

"Siku tatu," alisema Matano. "Asubuhi, mchana na jioni. Kila nilipokwenda, nilimkuta au alinikuta. Wazungu walidhani ni mazoezi ya viungo. Mmoja akaanza kunifuata."

"Na Chiku?" aliuliza Garama.

"Chiku na watoto walikaa ukumbini, katikati, wakala. Aliniambia niache upuuzi. Nikamwambia upuuzi huo ndio uliomfanya mama yake anikubali."

Shutu aliuliza kwa huruma basi alikula nini. Hapo ndipo palipomuuma Matano kuliko yote. Aliwaambia kwamba stoo ya jikoni ilikuwa na madafu yake mwenyewe, aliyoyapandia mnazi na kuyaangua na kuyapeleka kwa baiskeli ya Shutu, na kwamba siku tatu zile, katika hoteli ambayo mtu hula mpaka achoke, yeye alikunywa madafu na kukomba nyama yake kwa kipande cha kifuu.

Salimu alianza kucheka, na kibaraza kizima kikaanguka. Garama alilazimika kushika gurudumu.

Siku ya picha mpiga picha aliipanga meza, akamweka baba wa nyumba bega kwa bega na mama mkwe, akawaambia wale huku wanatabasamu. Matano alisema anakwenda kunawa, akaacha kofia kitini ili ionekane kwamba atarudi. Hakurudi. Mpiga picha alikuwa na haraka, na meneja alikuwa na haraka zaidi. Thoya akaambiwa avue koti la kazi na avae kofia.

"Chekeni," alisema Matano, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Lakini gazeti hili Kikoneni linafika. Bibi ataliona. Atasema nimeikimbia meza, nimemwachia mhudumu binti yake, na nchi nzima imeona. Atamchukua Chiku. Akimchukua atakuwa na haki, na mimi nitajifia."

Alisema hivyo waziwazi, na wale wazee wakaona aibu ya kucheka. Kwamba Matano anampenda mkewe hata watu wa Lunga Lunga walijua. Shutu alipendekeza waende kwa meneja. Garama alipendekeza barua kwa mhariri, yenye aya saba. Walikuwa bado wanagombana juu ya aya ya kwanza wakati basi la Kikoneni liliposimama barabarani, na baada ya kitambo kidogo mtu akabisha hodi nyuma ya ua wa makuti ulioshikamana na duka.

"Hodi hapo. Mkwe wangu yupo?"

Matano alijifunika uso kwa gazeti. Shutu akajibu karibu, yupo. Sauti ikasema asisogee mtu, yeye hapiti upande huo, ila apatikane mmoja asiye na udugu nao amfikishie maneno. Macho yote yalimwendea Salimu. Yeye ndiye pekee aliyekuja na chombo cha bahari, hana udugu na mtu yeyote pale. Akaenda akasimama kwenye pembe ya ua, kulia kwake Bibi Mwanatumu, kushoto kwake Matano. Wawili hao walikuwa hatua chache tu, na kila mmoja alimsikia mwenzake barabara, lakini adabu ni adabu.

"Mwambie mama shikamoo," alisema Matano.

"Anasema shikamoo."

"Marahaba. Mwulize siku zile za hotelini alikula nini."

Salimu akageuka. "Bibi anauliza ulikula nini."

Matano alimtazama Garama, Garama akatazama angani. "Mwambie madafu."

"Anasema madafu, Bibi."

Bibi Mwanatumu akasema, polepole, kama mtu anayetua mzigo. "Mwambie mimi nilikula ndimu. Zile za kwenye chai. Nilimwona ukumbini nikasema mtoto wa watu ana njaa, ngoja nimpishe, niende bwawani. Nikamkuta bwawani. Nikasema basi niende baharini. Kila nilikokwenda kumpisha, nilimkuta yeye. Usiku nikamwambia Chiku mumeo anakula kama moto, kila jiko yumo."

Salimu alitaka kuyapeleka maneno, lakini Matano alikuwa ameshaliteremsha gazeti. Macho yalikuwa yamemlowa. Kumbe alikuwa akimkimbia mtu aliyekuwa akimkimbia yeye.

"Mwambie sina ugomvi naye," Bibi aliendelea. "Ndugu zangu Kikoneni wameleta maneno, nimewaambia wakafunge midomo yao. Mkwe aliyeshinda na njaa mbele ya nyama kwa ajili ya heshima yangu, huyo simpi Chiku tu, hata ningekuwa na mwingine ningempa."

Garama alitangaza kwamba kesi imefutwa. Shutu akampiga Matano mgongoni, na Matano akavuta pumzi ndefu, pumzi ya kwanza ya haki tangu gazeti lifunguliwe. Alimwomba Salimu amshukuru mama, amwambie Mungu amzidishie.

"Ameni," ilisema sauti, kabla Salimu hajafungua kinywa. "Lakini bado. Mwambie meneja aliniambia tukiondoka kwamba ameipenda ile picha. Ametuita tena mwezi ujao, siku tatu, jamaa ile ile. Na mimi nimezeeka, mwanangu, ndimu zimenichosha. Siku ile Thoya alipokaa pale kitini, wallahi nilikula. Nilikula kuku, nikala wali, nikamla na yule mdudu wa baharini. Thoya si mkwe wangu, namtazama natafuna. Basi mwambie, kama hatavunjika moyo, yeye abaki nyumbani alinde kuku. Aende Thoya."

Salimu alisimama pale kwenye pembe, akajifuta jasho. Kazi ya kumimina kahawa haikumtayarisha kwa ujumbe kama huo. Shutu alijifanya anatafuta spana. Garama, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, alikosa hoja.

Matano aliichana ile picha gazetini, akaikunja taratibu, mara mbili, akaitia mfukoni. Alifikiri kuhusu yule kamba juu ya makaa. Alifikiri kuhusu mashavu ya mama mkwe wake gazetini, yamejaa, na jinsi alivyoonekana ameridhika.

"Mwambie mama ni sawa," akasema. "Kiti nampa, na kuku nampa. Mchana ale nao, jioni ale nao. Ila ikifika saa ya kulala, Thoya akalale kwao."

Salimu aligeuka apeleke, lakini nyuma ya makuti kicheko kilikuwa kimeshapasuka, kicheko kikubwa cha mwanamke mzima, ambacho mama mkwe hatakiwi kukicheka mkwe wake akisikia. Kisha nyayo zikaondoka haraka kuelekea kituo cha basi. Salimu akachukua buli lake, Shutu akarudi kwenye gurudumu, na Matano akapanda baiskeli akaenda nyumbani kumwambia Chiku.