Jabali na Asilimia Sitini

Duniani hajawahi kutokea mtu aliyeijua protini kama Jabali. Maneno hayo ni yake mwenyewe, na aliyatamka kila asubuhi kabla hata ya salamu.

Jabali alikuwa mchanganyaji katika kinu cha chakula cha kuku. Pumba koleo kumi, mashudu mawili, dagaa moja, geuza. Miaka sita ya koleo ilikuwa imempa shahada ambayo hakuna chuo kingethubutu kuitoa. Kifaranga, aliwaambia wapakiaji, anahitaji protini asilimia ishirini. Kifaranga! Kitu cha kutia mfukoni! Sasa mtu mzima mwenye ndevu, anayenyemelewa na cheo, si apate sitini?

Cheo kweli kilikuwa kinanyemelea, ila hakikusema kinamnyemelea nani. Msimamizi wa zamani alikuwa amezimia juu ya mizani, na bosi, mama asiyependa kurudia neno, akatangaza kwamba safari hii hachukui mgonjwa mwingine. Waombaji walikuwa wawili: Jabali, na mshona magunia aliyeitwa Dada Sindano. Baada ya wiki mbili wangepimwa afya, na barua ya nesi ndiyo ingeamua.

Jabali alirudi nyumbani akiwa ameshashinda.

Wali ukapigwa marufuku. Viazi vikafukuzwa. Mboga za majani, alisema, ni chakula cha anayesubiri kuchinjwa. Asubuhi mayai manane, mchana dagaa na maharage, jioni nyama, na kabla ya kulala mayai mengine yaliyokosa bahati. Wanawe watatu, waliogawana yai moja, walimtazama akimeza kama wanaotazama shimo la taka.

Mkewe alivumilia siku tatu.

"Baba watoto, kuku wenyewe wanalishwa hivyo ili watage. Wewe utataga lini?"

"Nitataga cheo, mama. We subiri."

Siku ya tano tumbo likafunga ofisi. Ya tisa, koleo likamlemea na nyota akaziona mchana kweupe. Aliwaeleza wapakiaji kwamba hiyo ni misuli, inatafuta pa kukaa. Dada Sindano alikuwa ameketi juu ya gunia na sahani yake ya wali, maharage, majani na ndizi mbivu pembeni. Jabali akamhurumia hadharani.

"Dada yangu, hiyo sahani ni ya mgonjwa."

"Na wewe kaka, mbona unatembea kama umebeba trei ya mayai?"

"Nimeibeba," alisema Jabali kwa fahari. "Ndani."

Siku ya kupimwa alipanda kitanda cha nesi kama anayepanda jukwaa. Nesi akambonyeza tumbo, akauliza mara ya mwisho alipata choo lini.

"Jumanne."

"Hii ya juzi?"

"Ile iliyopita."

Nesi akaandika kwa muda mrefu, jambo ambalo Jabali alilihesabu kuwa sifa. Kisha akampa dawa ya kulainisha, akamwamuru ale matunda na majani, anywe maji, na akamweleza kwamba protini ni matofali, lakini hajapata kuona nyumba ya matofali matupu, isiyo na udongo, dirisha wala mlango. Jabali alisikia neno matofali tu, akafurahi.

Kesho yake bosi alitaka kuzisoma barua ofisini, faragha. Jabali akakataa katakata. Zisomwe hapa hapa, mbele ya mizani na wanaume! Bosi, yule asiyependa kurudia neno, akamuuliza mara mbili kama ana uhakika. Anao.

Ya Dada Sindano ilikuwa na maneno mawili: afya njema.

Ya Jabali ilijaza ukurasa. Protini imezidi mno, vingine vyote vimepungua. Siku tisa hajapata choo. Asibebeshwe mzigo, kwa kuwa tayari anao.

Wapakiaji wakatazama dari kwa adabu kubwa.

"Jabali," bosi akasema, "kuku wangu uliwahi kuwamwagia dagaa tupu?"

"Hapana, bosi. Wangekufa."

"Ahaa."

Funguo za ghala zikaenda kwa Dada Sindano.

Jabali akavuta pumzi ili akate rufaa, na papo hapo dawa ya nesi ikaripoti kazini. Aliondoka kwa mbio ambazo koleo halikuwahi kuziona. Kutoka choo cha nyuma ya ghala alisikia makofi ya kumpokea msimamizi mpya. Na yeye, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile, alikuwa na jambo la kweli la kujivunia, na hakuwa na mtu wa kumwambia.