Ratiba ya Kuonana na Ruhara

Umma wa Kashenyi unatangaziwa kwamba siku ya Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, gorila wa msituni watampokea Mheshimiwa Waziri. Wananchi watakaa nyuma ya kamba. Gorila watakaa mbele ya kamba. Mvua haitanyesha.

Tangazo hilo liliandikwa na Ezira Tindyebwa, Kaimu Mkurugenzi wa Maandalizi ya Wageni wa Msitu, na likabandikwa kwenye mlango wa zahanati, ukuta wa kanisa na kibanda cha muuza nyama. Ezira alikuwa amekaimu miaka kumi na mmoja. Suti aliyoshona kwa ajili ya siku ya kuthibitishwa cheoni sasa ilikuwa haifungi kifungo hata kimoja. Ilibaki saini moja tu, na saini hiyo ilikuwa mkononi mwa Waziri. Waziri akiwaona gorila na kufurahi, angesaini. Asipowaona, Ezira angestaafu akiwa bado anakaimu, na hata jeneza lake pengine lingeandikwa hivyo.

Kwa sababu jambo lilikuwa zito, iliundwa kamati ya watu kumi na tisa. Kikao cha kwanza kilimwita Bafaki, mtu aliyefuata nyayo za gorila kwa miaka ishirini, aeleze Alhamisi watakuwa wapi.

"Sijui, ssebo," akasema Bafaki, akimwita Ezira "bwana" kwa lugha ya kwao.

"Hujui vipi, na ndiyo kazi yako?"

"Kila jioni wanatandika vitanda vipya vya majani. Asubuhi wanaondoka. Sisi tunaanzia pale walipolala, tunafuata mavi. Mavi yakiwa ya moto, ujue wako karibu."

Katibu wa kamati aliinua kalamu akauliza mavi yaandikweje kwenye kumbukumbu za kikao. Baada ya nusu saa iliafikiwa yaandikwe "nyaraka za safari".

"Kwa hiyo ni kundi lisilo na makazi ya kudumu," Ezira akasema kwa masikitiko. "Mkubwa wao ni nani?"

"Ruhara. Yule mwenye mgongo wa mvi na upara hapa mbele."

"Aandikiwe barua."

Barua iliandikwa kurasa mbili, ikapigwa muhuri. Bafaki akapanda nayo msituni, akarudi jioni akiwa na matope mpaka kiunoni.

"Aliipokea?"

"Kuwapa kitu ni marufuku, ssebo. Nilisimama mita kumi nikamsomea."

"Akasemaje?"

Bafaki aliwatazama wajumbe mmoja mmoja. "Alijamba."

Katibu akaandika: Uongozi wa upande wa pili ulijibu kwa kifupi.

Kikao cha pili kilihusu heshima. Kyomuhangi, askari wa msitu, mwanamke mrefu asiye na mchezo, alieleza kwamba Ruhara akikujia kwa hasira hukimbii. Unachuchumaa, unatazama chini, unaguna taratibu kama mtu aliyeshiba, mpaka aridhike.

"Waziri achuchumae?" Ezira akauliza. "Mbele ya nani? Yule ana cheo gani?"

"Ana kilo mia mbili, ssebo."

Wajumbe walijadili hadi viazi vya mchana vikapoa. Mwishowe iliamuliwa kwamba ikibidi, Mheshimiwa hatachuchumaa. Atakagua udongo.

Katika kikao cha tatu Ezira alisimamisha ubao wa kanuni mlangoni mwa msitu. Wageni wanane tu kwa siku. Umbali mita kumi. Muda saa moja, haiongezwi. Mwenye kikohozi, mafua au chafya asikaribie. Kanuni hizo zilikuwepo siku zote, lakini hazikuwa na fremu. Ezira akazitia fremu, na chini yake akaweka saini kubwa yenye mkia mrefu, saini ya mtu anayejizoeza kuwa mkurugenzi.

Ikabaki mapambo. Mgeni mkubwa hapokelewi bila migomba, kila mtu anajua. Ilikatwa migomba sitini mibichi, ikasimikwa pande mbili za njia kutoka ukingo wa msitu mpaka kwenye hema la Waziri, na mbele likajengwa tao. Bafaki alipita akasimama.

"Ssebo, hii migomba hapa ukingoni..."

"Imependeza, siyo?"

"Imependeza sana. Ila Ruhara..."

"Maoni yaletwe kwa maandishi," Ezira akasema.

Bafaki hakuwa na kalamu. Akaenda zake.

Alhamisi Waziri alifika asubuhi akiwa na msafara wa watu arobaini na watatu. Kwa mujibu wa ubao, walichujwa wakabaki wanane, naye wa kwanza. Wakaingia msituni wakiongozwa na Katibu wa kamati, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ratiba. Nyuma yao walifuata wabeba machela wanne, endapo Mheshimiwa angechoka. Ezira alibaki hemani kulinda kiti, zulia jekundu na barua yake ya kuthibitishwa, iliyokuwa mezani ikisubiri kalamu.

Saa nne kasoro kumi redio ililia. Alikuwa Bafaki, aliyeanza kufuata nyayo tangu alfajiri.

"Bwana Kaimu, wanateremka. Wanakuja huko kwako."

"Waziri yuko wapi?"

"Nimepishana naye. Anapanda."

"Basi yuko sawa," Ezira akajibu. "Ratiba inasema kupanda."

Saa nne na nusu kamili tao lilitikisika. Ruhara alitoka msituni, akasimama kwa miguu minne, akatazama migomba sitini iliyopangwa kwa heshima yake. Nyuma yake walikuja majike watano, vijana watatu na kitoto kilichong'ang'ania mgongo wa mama yake. Wakaketi kwenye zulia, wakaanza kumenya.

Ezira alitazama saa yake, akahisi fahari ambayo hakuitarajia. Katika miaka kumi na mmoja hakuna mgeni rasmi aliyewahi kufika kwa wakati.

Ruhara akamtazama. Ezira akakagua udongo. Aliukagua kwa makini, akiguna taratibu.

Kyomuhangi aliwarudisha wananchi nyuma mpaka shuleni, akabakiza wanane, kwa kuwa ubao ulisema wanane. Walikuwa akina mama waliokuja kucheza ngoma. Maisha yao yote waliishi ukingoni mwa msitu, na hakuna aliyewahi kualikwa kuangalia gorila.

"Hawa ndio wanaomaliza migomba yangu?" akanong'ona mmoja, Mama Kebirungi.

"Leo wanakula ya serikali, nyabo, mama yangu. Nyamaza ufaidi."

"Angalia yule anavyomenya. Mume wangu hajawahi kumenya hata kiazi."

"Mwenye upara kama mchungaji wetu."

"Mchungaji ana adabu zaidi. Huyu amekalia zulia bila kukaribishwa."

"Alikaribishwa," Ezira akasema kutoka ardhini. "Kwa barua."

Kitoto kilishuka mgongoni, kikapanda mezani, kikachukua barua ya kuthibitishwa. Kikainusa. Kikaitafuna polepole, kuanzia upande wa saini. Ezira alitaka kuinuka, lakini Ruhara alikohoa, naye akaona udongo bado una mengi ya kukaguliwa.

Saa tano na dakika ishirini na nane Waziri akaonekana. Alibebwa kwa machela, kiatu kimoja hakipo, shingo imevimba kwa upupu. Mvua ilikuwa imemnyeshea huko juu bila kibali.

"Wako wapi?" akauliza. Akapiga chafya.

Kyomuhangi akainua mkono. "Ishia hapo hapo, Mheshimiwa."

"Wewe, unajua mimi ni nani?"

"Ni wa tisa."

Waziri alimgeukia Ezira. "Kaimu. Mwambie huyu anipishe."

Ezira aliinua kichwa. Alijua anachotakiwa kusema. Ni neno fupi, pita, na mtoto wa mwaka mmoja angeliweza. Lakini ubao ulikuwa mbele yake na saini yake yenye mkia, na mkononi saa ilisoma tano na nusu.

"Muda umekwisha, Mheshimiwa," akasema. "Halafu una chafya."

Ruhara akainuka, akajibu kwa kifupi, akaongoza familia yake kurudi msituni. Akina mama wakainamisha vichwa kwa heshima, wakicheka mpaka machozi.

Waziri aliondoka bila kunywa chai. Ezira akaandika taarifa ya kurasa nne, yenye hitimisho kwamba upande wa gorila haukuwa na kasoro yoyote. Kisha akaitundika suti kabatini.

Wiki ya tatu lilikuja ombi. Waziri, kwa haraka ya kujisifu, alikuwa amemwambia mama mkwe wake kwamba aliwaona gorila uso kwa uso. Mama mkwe alitaka picha. Mheshimiwa aliomba apewe nafasi Jumamosi hiyo hiyo.

Ezira alipekua vitabu, kisha akajibu kwa uaminifu. Nafasi iliyo karibu ni baada ya miezi tisa. Kumpitisha mtu mbele ya foleni ni mamlaka ya mkurugenzi aliyethibitishwa peke yake, na kituo hiki, kwa masikitiko, kina kaimu tu.

Kesho yake, kabla ya chai ya asubuhi, pikipiki ilileta barua mpya ya kuthibitishwa. Wino wa saini ulikuwa bado unanukia.

Ezira alivaa suti yake bila kuifunga, akamwita Bafaki.

"Jumamosi watakuwa wapi?"

"Sijui, ssebo."

"Vizuri. Mwandikie Waziri hivyo hivyo. Ni mgeni namba nane, nyuma ya Mama Kebirungi na wenzake sita."

"Na migomba, Mkurugenzi? Tukate tena?"

Mkurugenzi alifikiri.

"Hapana," akasema. "Mwambie avae buti."