Ofisi ya Umri Unaofaa

Kwanza kilisikika kipaza sauti, kikilia kama nguruwe aliyebanwa mlangoni, na watu mia mbili na ushee waliokaa kwenye viti vya chuma wakaziba masikio. Ndipo Bradley Whitcomb, Meneja wa mji wa Corbin Hollow, alipojitokeza ukumbini, chini ya goli la mpira wa kikapu, na kutangaza kwamba tatizo la umri, lililowasumbua wanadamu tangu walipoanza kuzaliwa, limepatiwa ufumbuzi na kamati yake ya watu watatu.

Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ya Mkutano wa Mji. Kote katika milima ya Vermont, jimbo la Marekani, watu walikuwa wameacha kazi, wamebeba mito ya kukalia, na wamekuja kuamua mambo yao kwa kupaza sauti za ndiyo na siyo.

Bradley alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alisisitiza kwamba jambo hilo halikuathiri matokeo ya utafiti. Utafiti ulibaini kwamba binadamu wako wa namna tatu. Aliye chini ya miaka ishirini na mitano anajifunza haraka lakini hana adabu. Aliyevuka sitini na mitano ana adabu lakini hakumbuki, na hata akikumbuka, hafundishiki. Katikati yao, hasa baina ya arobaini na moja na arobaini na tatu, ubongo hufikia kile ambacho ripoti ilikiita Ukamilifu wa Kiutendaji.

Kwa hiyo Azimio la Kumi na Moja, lililobandikwa siku thelathini kabla kama sheria inavyotaka, lilisema hivi: mji uanzishe Ofisi ya Umri Unaofaa, kila mtumishi wa mji apimwe kumbukumbu hadharani, atakayeshindwa aondolewe kazini, aandaliwe keki. Maneno "kila mtumishi wa mji" aliyaweka Bradley mwenyewe, ili azimio lisionekane linamlenga mtu mmoja.

Lilimlenga mtu mmoja. Lucille Thibault, miaka sabini na tisa, alikuwa ameendesha greda la kuondoa theluji barabarani kwa majira ya baridi arobaini na sita. Dhoruba ikishafuta barabara yote, yeye aliendesha kwa kumbukumbu. Alijua kila kalavati lilipo na kila sanduku la barua. Bradley alikuwa ameleta kifaa chenye kioo kinachoonyesha njia. Mwezi Januari kifaa hicho kilimwongoza dereva wa akiba hadi ndani ya bwawa. Ripoti ilieleza kwamba bwawa ndilo lililokuwa mahali pasipostahili.

Lucille alikaa safu ya mbele akifuma soksi. Bradley alikuwa amesikia kwamba kawaambia wapishi wa maharagwe ya chakula cha mkutano kuwa, wakimnyang'anya greda lile, hajui asubuhi ataamkia nini. Hilo nalo aliliandika kama dalili ya kusahau.

"Bi Lucille," alisema, "nitakutajia maneno matano. Baada ya chakula utayarudia. Kisigino. Kengele. Tufaha. Mahameli. Daraja."

"Mbona hakuna hata moja la kazi?"

"Kipimo ni cha kisayansi."

"Haya, mwanangu."

Msimamizi wa mkutano, mzee Everett Colburn, aligonga nyundo na watu wakaenda kula. Bradley alikula vipande viwili vya pai, akashika mikono mingi, akamfafanulia Ukamilifu wa Kiutendaji binti mmoja wa zimamoto aitwaye Tamsin, mwenye miaka ishirini na mitatu. Tamsin aliuliza kama ni kweli kwamba anaweza kumbeba Meneja kutoka kwenye moto lakini hawezi kukaa kwenye kamati ya moto. Bradley alimjibu kwamba anaweza, akiwa na msimamizi wa umri unaofaa.

"Basi uiombe nyumba yako imsubiri huyo msimamizi," alisema Tamsin, akaenda kuongeza maharagwe.

Waliporudi, Lucille aliyataja maneno yote matano bila kuacha kufuma. Kisha akayarudia kinyumenyume: daraja, mahameli, tufaha, kengele, kisigino. Watu walipiga makofi, Everett akawaonya.

Bradley hakutetereka. Alieleza kwamba kukumbuka kiasi hicho katika umri huo si kawaida, na kisicho cha kawaida ni dalili. Alipendekeza Bi Lucille apumzishwe wakati uchunguzi ukiendelea.

"Kwa hiyo nikisahau nimekwisha, nikikumbuka ninaumwa?"

"Umefupisha vizuri sana," alisema Bradley.

Lucille aliweka soksi chini. "Mheshimiwa Msimamizi, naomba azimio lisomwe kama lilivyobandikwa."

Everett alisoma polepole. Alipofika kwenye "kila mtumishi wa mji" alivua miwani akamtazama Meneja, akamuuliza yeye ni mtumishi wa nani. Bradley akaomba kuliondoa azimio. Everett alimkumbusha kwamba kilichobandikwa hakiondolewi; Meneja mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo mwaka jana, walipotaka kuliondoa lile azimio la mbwa.

Hata hivyo Bradley hakuwa na wasiwasi. Alikuwa kileleni mwa umri, na maneno yale aliyachagua mwenyewe.

"Kengele," alianza. "Daraja. Tufaha."

"Bado mawili," alisema Everett.

"Pai."

"Hiyo umeila."

Theluji ilisikika ikiporomoka kutoka kwenye paa. Bradley alipapasa simu mfukoni, lakini ndani ya ukumbi ule mtandao haujawahi kuingia. Akaangalia mikono ya Lucille.

"Soksi," alisema hatimaye.

Keki ilikuwa tayari mezani. Lakini Lucille alisimama akaomba kurekebisha azimio: aliyeshindwa asifukuzwe, ila akae kwenye kiti cha pembeni cha greda mpaka theluji iishe, ajifunze barabara. Bradley alipinga, akitaja wadhifa wake. Everett akamuuliza kama, katika umri wake, bado anafundishika. Kwa mujibu wa ripoti ilibidi akubali. Sauti ya ndiyo iliyofuata ilitikisa goli. Ya siyo ilikuwa moja, na iliandikwa.

"Alhamisi," Lucille alimwambia akikunja uzi wake. "Saa kumi na moja alfajiri, karakana. Viatu vya mpira, na kahawa uje nayo."

Bradley hakuandika kitu. Mtu aliye katika Ukamilifu haandiki.

"Ijumaa, saa kumi na moja," alitamka kwa heshima zote. "Naahidi mbele ya mkutano huu."

Lucille alimtazama kama anavyoitazama njia iliyofunikwa na theluji jana tu.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema. "Alhamisi nitakupitia mwenyewe. Nyumba yako hainipotei hata ikifukiwa mpaka paani. Nakuahidi."