Tone la Jasho Lililofika Kitale

Jamaa zangu, leo nimeaibika, tena nimeaibika nikiwa nimekaa tuli.

Mnajua kazi yangu: nafunga intaneti kwenye maduka ya Hai Jalaba, hapa Juba. Mnajua pia nataka kumwoa Nekesa, na kwao ni Kitale. (Asiyejua sasa anajua. Kesho mtaa wetu wote wa Gudele utajua.) Baba yake alitaka kwanza anione kwa video. Jumapili iliyopita tukajaribu. Mtandao ulikuwa unajivuta, maneno yanachelewa njiani. Mzee akauliza, "Unanisikia?" Nikajibu kwa nguvu, "Ndiyo mzee, sana tu!" Jibu langu likafika Kitale wakati ameshauliza kama nakunywa pombe.

Akakata simu. Nekesa akalia. Mzee akasema atanipa nafasi moja tu ya mwisho, leo mchana, la sivyo nitafute mke hapa hapa Juba.

Basi wiki nzima nimeshinda na programu moja ya kubana video. Wenzangu, duniani kuna watu wana akili! Miaka yote navuta nyaya, nilidhani picha hutumwa yote kila mara, ukuta, viti na watu. Kumbe wapi! Inatumwa nzima mara moja, halafu kinachofuata ni kile kilichobadilika tu. Ukuta haujasogea? Basi ukuta hautumwi tena, wa upande wa pili wanabaki na ule ule wa mwanzo. Nilipoelewa nilisimama katikati ya chumba nikashika kichwa. Mtandao wetu ulivyo mwembamba, na bado uso wa mtu unapita humo!

Hapo ndipo akili ikanizidi. (Sisi wenye nayo kidogo hutuzidi haraka.) Nikawaza: kama kinachotumwa ni kinachosogea, basi tusisogee.

Mchana nikawapanga sebuleni. Mjomba Wani, msemaji wetu, kulia. Shangazi Poni kushoto. Mimi katikati, na koti la kuazima. Pazia la maua nikalitoa, lisije likapepea. Feni nikaizima, maana ilikuwa inazunguka nyuma yetu ikila data bure.

Shangazi, aliyeishi Uganda miaka mingi, akanikazia macho. "Lado, hii joto itaua sisi."

"Vumilia, shangazi. Mjomba ataongea tukikaribishwa. Mpaka hapo hakuna kutikisika."

"Hata kupangusa jasho?"

"Hata hilo."

Nikapiga.

Jamani! Mama mkwe akatokea, safi kabisa. Akapepesa macho, nikaona kope zikishuka na kupanda. Nyanya yake Nekesa akakohoa, na kikohozi kikanifikia mkono wake ukiwa bado mdomoni. Kati yetu kuna mpaka, kuna milima, kuna barabara ya kuvunja mgongo, na kikohozi kimepita kote huko mara moja! Machozi yakanilengalenga. (Nikayazuia. Nayo yanasogea.)

Shida ni kwamba sisi tulitulia mno.

"Imekwama tena," mzee akasema.

Nikafungua mdomo niseme tunawasikia. Mama mkwe akaniwahi.

"Ndiye huyu? Kichwa chote hicho, shingo itaweza?"

Sasa hapo unasemaje? Ukisema unasikia, umemwaibisha mama mkwe. Nikafunga mdomo taratibu.

"Na koti si lake," mzee akaongeza. "Tazama mabega."

"Baba, muache," Nekesa akasema. "Ameazima ili umpende. Huyu hulia nikichelewa kupokea simu. Mtu wa hivyo atanitesa kweli?"

(Asante, mpenzi. Mbele ya mjomba.) Mjomba Wani tumbo lilianza kumchezacheza kwa kicheko alichokibana. Nikaomba Mungu kimoyomoyo.

Ndipo nikasikia tone la jasho linatoka kwenye nywele. Likashuka kwenye paji. Likapita kati ya macho. Likafika ncha ya pua, likatulia. Na ile programu, ndugu zangu, haikuwa na kazi nyingine wakati huo. Nguvu zote za mtandao wa Juba zikabeba tone moja, zima, linang'aa.

Nyanya akaisogelea skrini. "Mmesema hii picha imekwama?"

"Ndiyo, nyanya," Nekesa akajibu.

"Sasa mbona jasho linatembea?"

Tone likaanguka.

Mama mkwe akajifunika uso kwa leso. Mzee akauliza polepole, "Kijana, mnatusikia?"

Shangazi akalipuka kabla yangu. "Tunasikia yote! Hata ile ya kichwa! Khalas, yatosha, Lado, washa feni!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kuomba radhi huku najipangusa, koti likachanika kwapani. (La Abdi wa duka la jumla. Abdi, kama unasoma, tutaongea.) Mzee akainua mkono. Akanitazama kimya, kwa muda, na safari hii nilijua si mtandao.

"Mimi na huyu mama tumezeeka pamoja," akasema, "na sijawahi kuweza kunyamaza akinisema. Wewe umeweza. Njoo Kitale na wazee wako. Nataka nikuone ukisogea."

Kwa hiyo nakwenda, lakini naomba asicheke mtu. Na ukishindwa kabisa, cheka bila kutikisika, usimalize data.