Nepi kwenye Waya wa Redio

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu Tonge ametoka sasa hivi kuchovya maiki ya babu yake kwenye uji. Yote, mpaka shingoni! Kisha akailamba kwa utulivu kama mtu mzima na kijiko chake. Nimeifuta kwa upindo wa gauni. Mungu aifunike, isije ikanuka.

Baba mkwe hajaona. Yupo mezani, vikombe vya kusikilizia masikioni, anazungusha kitufe cha redio polepole kama anayemtafuta mtu kwenye giza. Zamani alikuwa mtu wa redio melini. Magoti yamekwisha, sasa redio ndiyo miguu yake.

Anamtafuta mwanawe, mume wangu, fundi wa jenereta kwenye kituo cha hali ya hewa, kisiwani huko mbali. Simu haishiki. Redio tu. Mara ya mwisho alisema meli inafika Jumamosi, na mkuu wake anataka atie saini mwaka mwingine. Alisema anangoja neno langu. Neno nilikuwa nalo mdomoni! Nikabonyeza maiki, nikasema rudi. Sauti ikawa imekatika zamani.

Asiposikia kitu mpaka Jumamosi, atadhani nimeridhia. Mwaka mzima! Tonge atakuwa na meno yote.

Jumanne, 4 Machi

Shshshsh. Redio inakaanga mafuta matupu.

Baba mkwe anasema jua limechafuka. Eti sauti hupanda, inagonga dari fulani juu kabisa angani, inadunda, inashukia mbali. Jua likichafuka, dari linameza sauti. Nikauliza jua husafishwa na nini. Akasema subira, mwanangu.

Subira huvuta heri. Mimi inanivuta roho.

Lakini nimekumbuka jambo! Jioni ile tulipompata baba Tonge, nepi za Tonge zilikuwa zimeanikwa juu ya paa, kwenye waya wa redio, kwa sababu wifi yangu alikuwa amejaza kamba yote kwa mashuka yake. Nepi! Sijamwambia mtu. Nimefua zote, na zilizokuwa safi nimezilowesha vilevile. Zimejipanga paani kama bendera za mkutano.

Jioni: shshshsh. Labda ni chache.

Jumatano, 5 Machi

Nimeongeza taulo.

Adui wa pili ni mashine ya wifi. Anashonea chumba cha pili, mashine ya umeme. Akikanyaga tu, redio inanguruma kama tumbo la aliyefunga saumu. Baba mkwe amemwomba apumzike jioni. Wifi kajibu kwamba bibi harusi hangojei jua lisafishwe, na kwamba kaka yake akipatikana aitwe yeye kwanza, maana alimjua kabla yangu.

Kabla yangu! Hata kuku wao walimjua kabla yangu. Nimecheka kwa meno tu.

Silaha yangu ni Tonge. Nataka baba yake amsikie akisema "baba". Akisikia hivyo, kalamu itamdondoka yenyewe. Kutwa nzima nimemkalisha: ba-ba, ba-ba. Akatazama mdomo wangu kwa makini, akavuta pumzi, akasema "ova".

Ova! Lile neno la babu yake, la kumwambia mwenzako nimemaliza, zamu yako. Neno la kwanza la mwanangu. Wifi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekuwa mwizi. Mkanda wa mashine ya wifi upo ndani ya kiatu cha baba Tonge, chini ya kitanda.

Wifi amepindua nyumba. Mwishowe akamgeukia Tonge, akasema yule si mtoto, ni panya aliyevishwa nepi, akampanua mdomo kuuchungulia. Nimempa mwanangu ndizi ya kumwomba radhi.

Mashine kimya, redio bado kiziwi. Na mbaya zaidi, rafiki ya baba mkwe kapiga simu, kasema jua limetulia tangu asubuhi, wote wanasikilizana na dunia nzima. Sisi tu. Baba mkwe akapiga redio kofi la shavu. Akasema angekuwa na magoti angepanda kuutazama waya.

Nikasema nimeshautazama, baba, upo salama salimini.

Nikapanda na shuka lililolowa.

Ijumaa, 7 Machi

Shuka lilikuwa la wifi. Kwa kuwa hana mashine ya kumshughulisha, jioni alipanda paani akalikuta. Nikasikia miguu yake juu ya mabati, dududu, na matusi, na nepi zinachomolewa moja moja. Nikapiga kelele, wifi, usianue, nakuomba! Akasema ataanua mpaka paa lenyewe.

Papo hapo redio ikasema, nyumbani, nyumbani, mnanipata?

Sauti yake! Baba mkwe akanitupia maiki. Inanuka uji uliochacha. Nami, niliyebeba neno wiki nzima, neno likanitoroka. Nililia tu. Kwikwi zangu zikasafiri mpaka kisiwani.

Tonge akaivuta maiki, akasema, "Ova."

Shshshsh. Nikadhani amekatika tena. Kisha mume wangu akauliza kwa sauti ndogo, huyo nani?

Mwanao, nikasema. Rudi. Rudi, rudi, rudi.

Akasema hatii saini. Anafunga mzigo.

Wifi alifika akihema, nepi kifuani, redio ikiwa imeshaanza kukaanga. Aliketi sakafuni na nguo zake mbichi akalia. Nikamwonea huruma. Nimemrudishia mkanda. Nimesema nimeuokota.

Jumapili, 9 Machi

Yupo melini! Meli ina redio, na jioni hii baba mkwe anamtafuta tena.

Wifi amemsimulia baba mkwe kila kitu, naye kanikalisha. Kasema nguo mbichi zina uzito. Waya ulilegea ukalalia mabati, sauti ikaishia paani badala ya kwenda angani. Kasema wiki nzima, mwanangu, ulikuwa unazungumza na bati. Siku ile ya kwanza ilikuwa bahati tu. Nikaitikia ndiyo baba, ndiyo baba.

Lakini nimelala nikifikiri. Sauti ilikuja saa ngapi? Wakati nepi zinatolewa! Kumbe dawa si kuanika. Dawa ni kuanua! Nani mwingine amewahi kujaribu?

Nimeshazipandisha, zinachuruzika vizuri. Wifi amekubali kuzianua nikimpungia mkono, ila kwa hasira ileile, na kwa sharti azungumze yeye kwanza. Haya, na azungumze.

Baba mkwe ananiita. Anauliza mbona redio imekuwa kiziwi tena. Nakuja, baba! Niandike tu nisije nikasahau, kwamba safari hii lazima zianuliwe kuanzia upande wa...