Mkwe Ndiye Aliyeshika Njia

Jumatatu, 4 Machi

Tumbo limezoea mawimbi. Ugomvi ndio kwanza umeanza.

Kesho meli inafunga gati kwenye mji alikozikwa baba mkwe. Alikuwa mpishi wa meli za mizigo. Homa ilimkuta safarini, wenzake wakamzika huko. Mke wangu alikuwa bado ananyonya, na hajawahi kuliona kaburi. Binti yetu alipotununulia safari hii, mama yake hakuuliza habari za chakula wala chumba. Aliuliza tu kama meli itapita pale.

Karani wa ziara anasema basi la meli haliendi makaburini. Linakwenda kwenye kiwanda cha vyungu, kisha duka la sabuni. Afadhali! Nimetangaza mezani kwamba tutakwenda wenyewe, kwa miguu, mimi nikiongoza. Nimefundisha udereva maisha yangu yote. Mtu kama huyo hapotei.

Bwana Miwani, mgane tunayekula naye meza moja, akauliza kwa upole kama nina ramani. Huyo kila bandari hupanda basi, kibandiko kifuani kama mzigo wa posta. Nikamjibu kwamba ramani ni ya wasioona mbele. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, akacheka hadi akapaliwa. Sijui alimcheka nani.

Jumanne, 5 Machi, asubuhi

Nahodha ametangaza jambo kuhusu saa. Sikulishika vizuri, nilikuwa namweleza Miwani ubaya wa mabasi. Si kitu. Saa ya ukutani pale gatini iko nyuma ya yangu, nami nimeirekebisha yangu. Ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho lako. Ukienda kwa wenye saa, geuza mshale. Mke wangu kavaa gauni lake la harusi za watu. Twende!

Jumanne, jioni

Miguu iko ndani ya beseni la maji. Naandika hivyo hivyo.

Tulianza vizuri. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alisimulia kuwa makaburi ya mabaharia yako kilimani. Kilima nilikiona. Nikachagua njia ya kukizunguka, maana kupanda moja kwa moja ni kazi ya mbuzi. Njia ikatufikisha kiwanda cha barafu. Nikawaambia nilitaka wapate hewa baridi. Ikatufikisha uani kwa fundi magari, mbwa akatoka. Hapo sikutoa maelezo, nilikuwa mbele nikikimbia.

Shemeji akakatikiwa kiatu. Akauliza kwa nini tusimwulize mtu. Nikasema mwenye kuuliza huonekana mgeni. Akasema sisi ni wageni. Ana maneno, yule.

Mke wangu hakubishana. Alimwendea mwanamke aliyekuwa akianika mashuka, wakazungumza kidogo. Yule mama akanyoosha kidole juu, tulikotoka. Makaburi yako nyuma tu ya bandari! Ukisimama sitahani unayaona. Tulikuwa tumeyazunguka mchana kutwa.

Tukapanda kama mbuzi.

Jiwe lilikuwa dogo, jina limeliwa na kuvu. Mke wangu akavua kitambaa cha kichwa, akakilowesha kwa maji ya chupa, akasugua herufi moja baada ya nyingine mpaka jina likatoka. Halafu akaketi chini, gauni na vyote.

“Baba,” akasema, “nimekuja. Nimechelewa kwa sababu mkwe wako ndiye aliyeshika njia.”

Shemeji akacheka, kisha akalia. Baba yao alimwacha akiwa na umri wa kumkumbuka. Mimi nilisimama pembeni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitambulisha kwa mzee, yote yakanipotea. Vumbi jingi pale. Linawasha macho.

Honi ya meli ikalia. Nikawatuliza kwamba inafanya majaribio, muda upo tele. Honi ikalia tena. Shemeji akatazama saa yangu, akatazama yake aliyoiacha kwenye saa za meli kama nahodha alivyosema, akaniita jina ambalo siliandiki humu.

Tukashuka mbio, shemeji peku. Tulipofika gatini, kamba zilikuwa zinafunguliwa. Lakini ngazi ilikuwa bado chini! Katikati yake kasimama Bwana Miwani, amezuia njia, analalamika kwamba miwani yake imeanguka na haoni pa kukanyaga. Mabaharia wanne wameinama wanaitafuta. Alipotuona tumepanda, akaitoa mfukoni, akaivaa, akawashukuru wote.

Jumatano, 6 Machi

Baharini. Mke wangu amempelekea Miwani chai kwa mkono wake mwenyewe. Nimeona ni kupita kiasi. Mtu kupoteza miwani mfukoni ni uzembe, si ushujaa.

Baadaye alikuja kukaa nami sitahani. Nilijiandaa kusemwa. Hakunisema. Aliniegemea begani, akasema pale chini alipoketi kando ya baba yake hangepabadilisha na basi lolote. Kisha akaongeza kwamba mimi ni mpumbavu. Nimeandika yote mawili, ila la kwanza ndilo lenye uzito.

Ijumaa, 8 Machi

Bandari mpya! Mke wangu na shemeji wamekata tiketi za basi. Wamebandikwa vibandiko, wanacheka kama wasichana. Nimewasamehe.

Miwani amekuja mlangoni, anaona haya. Anasema tangu afiwe na mkewe hajawahi kwenda popote bila kupangiwa, anaomba afuatane nami. Nimemkubalia, mradi abebe maji na asiulize maswali.

Wengine wote wanapita barabara kuu, kondoo wale. Mimi nimekwisha kuiona njia ya mkato kutoka hapa juu. Imenyooka, haina mtu hata mmoja. Ina lango la chuma, uzio wa seng'enge na askari wawili wenye bunduki. Mji unaowalinda wapita njia kiasi hicho! Tunashuka sasa hivi.